Nyumba na Vumbi la Singida – Sehemu ya Tatu: Zulia la mlango wa mbele liwe jembamba

Wiki iliyopita tuliishia kwenye marumaru, na swali likabaki: kwa nini hupauka mapema hatua mbili tatu kutoka mlango wa mbele, wakati zile za chini ya meza zinaendelea kung'aa kama siku zilipowekwa? Jibu liko kwenye mchanga. Na kinga yake, kwa sehemu kubwa, ni kipande cha zulia ambacho wengi wetu hukinunua mwisho kabisa, baada ya makochi, mapazia na televisheni, tena kwa kuangalia rangi tu.

Yale mawe makubwa yanayoutambulisha mji wa Singida, yaliyotapakaa hadi kando ya maziwa Singidani na Kindai, ni granaiti. Granaiti ikipigwa jua na mvua kwa miaka mingi mno huchakaa. Sehemu ya madini yake huoza na kuwa udongo wa mfinyanzi, lakini kwatzi haiozi. Inabaki chembe ngumu zenye kingo kali, na ndizo zinazojaza mchanga wa njia zetu. Mwaka 1812 Mjerumani Friedrich Mohs aliyapanga madini kwa ugumu, kutoka 1 hadi 10, na 10 ikawa almasi. Kwatzi iko kwenye 7. Kioo cha kawaida ni 5 na nusu hivi, na ule utando unaong'aa juu ya marumaru nyingi ni aina ya kioo kilichoyeyushwa kwenye tanuri. Kwa hiyo anayeingia sebuleni na chembe chache kwenye soli za kandambili anapitisha msasa sakafuni.

Wazee waliojenga tembe hawakuwa na tatizo hili. Sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa mavi ya ng'ombe haikwaruziki. Ikichakaa husiribwa upya. Ngozi ilitandikwa ya kukalia na kulalia, si ya kufutia miguu. Sisi tumebadilisha sakafu, ila mchanga wa nje umebaki uleule.

Zulia la mlangoni lina kazi mbili: kuung'oa mchanga kwenye soli kabla haujagusa marumaru, kisha kuuachia wote linapokung'utwa nje. Kazi ya pili ndiyo inayosahaulika. Zulia nene la manyoya hufanya ile ya kwanza vizuri, lakini chembe huzama hadi kwenye mgongo wake, mahali ambapo fagio halifiki, na nyumba zenye mashine ya kufyonza vumbi kwetu ni chache. Kila anayekanyaga huzisaga chembe hizo kwenye mashina ya nyuzi, nyuzi zikakatika kutokea chini. Ndiyo maana zulia la manyoya lililowekwa mlangoni hunyonyoka katikati huku pembeni likionekana jipya. Aliyeliuza hana kosa. Zulia lile ni la chini ya meza ya sebuleni, mahali watu wanapofika miguu imeshafutwa.

Zulia jembamba, lililofumwa bapa bila manyoya, halina pa kuuficha mchanga. Ulikunje, ulibebe hadi uani, ulikung'ute mara tatu, kazi imekwisha.

Sababu nyingine ya kutaka wembamba ni mlango wenyewe. Kiangazi chetu ni kirefu, kuanzia Mei hadi Novemba hivi, na upepo wa Singida unajulikana nchi nzima. Eneo la Kititimo limepimwa na wataalamu kwa ajili ya kuzalisha umeme wa upepo. Kwa hiyo mafundi wetu huuteremsha mlango karibu kabisa na sakafu, na wenye nyumba huongeza kipande cha mpira chini yake ili kuzuia vumbi, na nge pia. Mlango wa mbao kwa kawaida hufungukia ndani, geti la nondo likafungukia nje. Matokeo yake, zulia lolote lililo ndani ya mzunguko wa mlango lina nafasi ndogo sana ya kupita. Likizidi kidogo, mlango unalikusanya, unalisukuma, na baada ya wiki chache mtu anaamua kuliegemeza ukutani na kulisahau.

Pima kabla ya kwenda dukani. Chukua vipande vya boksi, vipenyeze kimoja juu ya kingine chini ya mlango uliofungwa mpaka kingine kisipite, kisha pima kwa rula unene wa vyote vilivyopita. Fungua mlango nusu, rudia. Fungua wote, rudia tena. Sakafu nyingi hazikusawazishwa sawasawa, na mlango unaopita vizuri penye kizingiti unaweza kukwama ukikaribia ukuta. Chukua kipimo kidogo kuliko vyote, toa milimita 3 za kuruhusu mlango upite bila kukwaruza, na hicho ndicho kikomo chako. Kama kuna mpira chini ya mlango, pima kutoka kwenye mpira, si kwenye mbao. Ukibaki na milimita 2 tu, usilazimishe: sogeza zulia hatua moja ndani, nje ya mzunguko wa mlango, na kile kigumu cha kukwangulia tope kikae barazani.

Hapo barazani ndipo pa makumbi ya nazi na pa mpira wenye matundu. Ni vinene na vikali, na vikikaa nje ya mzunguko wa geti havina cha kuvizuia. Ndani tafuta kingine.

Mkonge ndio wa kwanza kufikiriwa, na una haki hiyo. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai pwani ya Tanga, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika iliongoza duniani kwa zao hilo. Zulia la mkonge lililofumwa bapa ni gumu, linakwangua soli vizuri, na kwa hali ya hewa kavu kama yetu linadumu. Udhaifu wake ni maji. Uzi wa mkonge hunyonya unyevu, huvimba, na ukikauka zulia hukunjamana pembeni. Doa la chai au tope jekundu halitoki. Masika yetu ni mafupi, Desemba hadi Aprili, lakini yanatosha kuliharibu kama mlango wako hauna baraza lenye paa.

Pamba iliyofumwa bapa, pamoja na yale mazulia yanayofumwa kwa mabaki ya vitambaa, ndiyo chaguo langu kwa nyumba nyingi. Inafuliwa kwenye beseni, inakauka siku hiyohiyo kwa jua letu, na ina uzito wa kutosha kutulia. Kapeti za plastiki zisizo na manyoya ni nafuu na hazidhuriwi na maji, ila ni nyepesi mno. Upepo mmoja wa Septemba ukiingia mlango ukiwa wazi, pembe inainuka, na pembe iliyoinuka ndiyo inayomwangusha bibi. Mkeka wa ukindu usiuweke hapa. Ni wa kukalia kwa miguu mitupu. Mchanga na viatu huutafuna upesi.

Kuteleza ni jambo la kulitazama kwa uzito, hasa penye marumaru laini na wazee ndani ya nyumba. Mazulia mengine yamepakwa mpira mgongoni. Ukilikuta la namna hiyo, likunje na ulisugue kwa kidole: likitoa unga, mpira umeshazeeka dukani na utakwisha kabla ya masika. Mpira mzima nao hauvumilii jua kali, kwa hiyo zulia hilo lianikwe kivulini, mgongo usielekee jua. Wapo wanaoshonea vipande vya tyubu ya baiskeli kwenye pembe nne. Vinashika barabara, ila mpira mweusi unaweza kuacha alama kwenye marumaru nyeupe. Wavu wa mpira mweupe wa kutandika chini ni bora zaidi, mradi unene wake nao uingie kwenye kile kipimo chako.

Sasa dukani. Beba mchanga wa nyumbani kwako, kiasi cha kujaa kiganja, kwenye mfuko mdogo. Mwombe muuza duka ruhusa, umwage juu ya zulia, uukanyage mara mbili tatu, kisha ulitoe nje na kulikung'uta. Likunje upande wa juu uwe nje, tazama kati ya nyuzi. Ukiona chembe zinametameta ndani, hizo hazitatoka nyumbani pia. Kisha sugua kona kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, itahamia pia kwenye sakafu siku ya mvua. Matamvua yakatae, kwa sababu huingia chini ya mlango na kufumuka. Na kama unakatiwa kapeti la kuuzwa kwa mita, lipitie kwa fundi cherehani kabla ya kufika nyumbani: apige overloki, kisha azungushie ukanda wa jinzi. Ukingo usioshonwa haumalizi mwezi.

Upana uendane na mlango, yaani sentimita 90 au karibu na hapo. Urefu ndio watu wanaoubania. Kizulia cha sentimita 60 hupokea mguu mmoja, wa pili ukaruka na mchanga wake hadi ndani. Sentimita 120 hadi 150 hulazimisha kila mguu kukanyaga walau mara moja. Rangi iwe karibu na ya udongo wa uani kwako, iliyochanganyika. Nyeusi huonyesha vumbi, na nyeupe huonyesha tope.

Kiangazi likung'ute kila asubuhi kabla ya kufagia, upepo ukiwa mgongoni mwako, na ufagie pia chini yake, maana vumbi laini hupenya kwenye mfumo wa nyuzi na kujikusanya pale. Masika kuwe na mawili ya kupokezana, moja likiwa kwenye kamba.

Wiki ijayo: madirisha, nyavu na vumbi linalopita juu ya kenchi.