Pigo la softiboli: Kiuno kitangulie, kiganja kifuate

Mwulize msichana anayejifunza softiboli ni kiungo gani kinachopiga mpira, naye atakuonyesha mikono yake. Mwulize mpasua kuni wa Msambweni ni kiungo gani kinachopasua gogo, naye atacheka kwanza, kisha atakuambia ni miguu na kiuno, kwani anayetegemea mikono pekee huwa hoi kabla ya adhuhuri. Mpasua kuni ndiye asemaye kweli, na maarifa yake ndiyo ningependa mwanao ayapate kabla hujamnunulia gongo.

Kwa wasioujua mchezo wenyewe, softiboli ni nduguye besiboli. Ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1887, ukichezwa ndani ya jumba. Wanawake waliucheza katika Olimpiki kuanzia Atlanta 1996 hadi Beijing 2008, ukarudi Tokyo mwaka 2021, na umepangiwa kurudi tena Los Angeles mwaka 2028. Hapa kwetu Kwale bado ni mchezo mgeni, ingawa waliowahi kucheza raundasi shuleni hawatapata shida kuuelewa. Mtu asidanganyike na jina lake linalosema ni mpira laini. Mpira huo una mzingo wa sentimita 30 hivi na uzani wa takriban gramu 180, na ukikupata usoni hutauita laini tena. Wachezaji gofu wa Diani nao wasiufunge ukurasa huu, maana mwili unaozunguka ni ule ule.

Katika mchezo wa wanawake wakubwa, mrushaji husimama mita 13 tu kutoka kwa mpigaji. Mpira ukija kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, mpigaji ana takriban nusu sekunde ya kuuona, kuamua na kupiga. Katika nusu sekunde hiyo nguvu inatakiwa ianzie ardhini, ipande kwenye mguu, igeuze nyonga, ivute kifua na mabega, ndipo ifike mikononi na kwenye gongo. Asiyefundishwa hivyo huanzia mwisho. Huvuta kwa mikono, hukaza vidole kama anayezama baharini, na ule mtikisiko wote wa mpira humwishia kwenye kiganja. Basi pigo linakuwa dhaifu na mkono unaumia, yote mawili kwa sababu moja.

Mwaka jana nililetewa msichana wa miaka 15 kutoka upande wa Ukunda. Kwa miezi mitatu alikuwa akiumwa na kiganja cha kushoto, chini, upande wa kidole cha mwisho. Alikuwa amepelekwa kituo fulani cha afya, akapigwa eksirei, akaambiwa mfupa hauna neno, akapewa dawa ya kuchua. Bibi yake naye akamkanda kwa mafuta ya nazi ya moto jioni baada ya jioni. Na mazoezi yakaendelea. Alipofika kwangu hakuweza kukamua nguo, na kidole kidogo kilikuwa kikifa ganzi.

Kila mkono wa binadamu una mifupa midogo 8 pale unapoungana na kiganja. Mmoja wao, uitwao hameti, una ncha iliyojipinda kama ndoana ya mvuvi, nayo imekaa chini ya nyama ya kiganja, mahali pale pale kinapokandamiza kirungu cha mwisho wa mpini. Kwa anayepiga kwa mkono wa kulia, kiganja cha kushoto ndicho kilicho chini kwenye mpini, hivyo ndicho kilicho hatarini. Gongo likisimama ghafla, au likipigwa vibaya mara nyingi, ndoana hiyo huweza kuvunjika. Haitokei kila siku, lakini ikitokea hupuuzwa mno, kwani hakuna uvimbe wa kutisha na mkono haukupinda. Eksirei ya kawaida mara nyingi haiioni, kwa kuwa mifupa mingine huifunika. Yahitaji picha ya pembe maalumu, mkono ukiwa umekunjwa kwa nyuma, au skani ya CT. Msichana yule ilibidi avuke Likoni kwenda kupigwa skani Mombasa, na kipande kilichovunjika kikaondolewa kwa upasuaji. Laiti ingejulikana katika siku za mwanzo, pengine plasta ya wiki 6 hivi ingetosha. Jambo hili likiachwa, kano za kidole cha mwisho husagika juu ya ule mfupa uliovunjika na huweza hata kukatika.

Kwa hivyo, mzazi, fanya hivi. Mwanao akilalamika kiganja, bonyeza kwa kidole gumba pale chini, upande wa kidole kidogo. Akishtuka kwa maumivu, mpumzishe asishike gongo, usimchue wala kumkanda, na mpeleke kwa daktari, iwe Diani, Kwale au hospitali ya rufaa ya Msambweni. Ukifika, usiseme tu kwamba anaumwa mkono. Sema anacheza softiboli, sema anashika gongo kwa mkono upi chini, na uonyeshe mahali hasa penye maumivu. Maneno hayo humfungua macho daktari kuliko unavyodhani.

Tuje kwenye gongo. Lililo zito au refu kupita kiasi ndilo linalomlazimisha mtoto kuvuta kwa mikono. Kipimo chake ni rahisi: alishike kwa mkono mmoja, alinyooshe ubavuni usawa wa bega, nawe uhesabu polepole hadi 20. Mkono ukishuka au kutetemeka kabla ya hapo, gongo si saizi yake. Magongo ya kuchongwa kwa mti wa mvinje nimeyaona, ni ya bei nafuu na yanapendeza, lakini ni mazito kwa mtoto. Mpini ukamatwe kwa vidole, usizamishwe ndani ya kiganja, na mikono ipande sentimita 2 au 3 juu ya kile kirungu. Mtoto akifanya hivyo, ile ndoana ya mfupa hupona na gongo huzunguka haraka zaidi.

Zoezi la kwanza halihitaji gongo wala mpira. Mpigaji asimame miguu ikiwa imeachana kwa upana wa mabega, magoti yamelegea kidogo, mti wa ufagio ukiwa kifuani na mikono imepishana juu yake. Ahamishie uzito mguu wa nyuma, apige hatua fupi kwa mguu wa mbele, kisha ageuze nyonga kabla ya mabega. Kitovu kiishie kumtazama mrushaji, na kisigino cha nyuma kiwe kimeinuka. Hili laweza kufanywa hata ufukweni Diani maji yakiwa yametoka, juu ya ule mchanga ulioshikana, na hapo nyayo zenyewe zitakuonyesha kama mguu wa nyuma uligeuka au uliganda. Mimi ningemweka mtoto kwenye zoezi hili wiki mbili nzima kabla ya kumpa mpira, ingawa najua atanung'unika.

La pili ni la mpira usiotembea. Wenzetu ng'ambo hununua nguzo maalumu ya mpira laini. Hapa chukua ndoo, jaza mchanga au saruji, simamisha mti, na juu yake uchomeke kipande cha bomba la mpira la rejeta ambacho fundi gari yeyote wa Ukunda atakupa. Mpira huwekwa juu yake usawa wa kiuno, mbele kidogo ya mguu wa mbele, halafu hupigwa kuelekea nyavu kuukuu za wavuvi zilizotundikwa kati ya minazi miwili. Zilegee kidogo, maana zikikazwa mpira hurudi usoni. Kwa kuwa mpira umetulia, mpigaji hana haja ya kukimbilia kuvuta kwa mikono, na kiuno hupata nafasi ya kutangulia.

La tatu hufunza jicho. Tengeneza mipira midogo ya makaratasi na nailoni, ile ile watoto wanayochezea kandanda vichochoroni ila iwe ya ukubwa wa ndimu, na upige kwa mti wa ufagio. Anayerusha akae ubavuni kwa mpigaji, asikae mbele yake. Wapo wanaotumia visoda. Mimi nimekwisha kushona kope kwa sababu ya kisoda, na ninakukataza.

Kuna vifaa viwili ambavyo siviungi mkono. Kimoja ni tairi linaloning'inizwa mtini na kupigwa kwa nguvu zote. Wachezaji hulipenda kwa kishindo chake, lakini tairi husimamisha gongo ghafla, na kule kusimama ghafla ndiko kunakovunja mfupa niliokueleza. Cha pili ni pete ya chuma inayovishwa kwenye gongo ili liwe zito wakati wa kupasha mwili moto. Ukiivua, gongo huonekana jepesi kama unyoya, lakini utafiti uliofanywa Marekani miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mapigo yanayofuata huwa ya polepole zaidi. Afadhali apashe mwili moto kwa gongo lake mwenyewe.

Kuhusu kiasi, mapigo 50 kwa siku yanamtosha anayejifunza, kumi kumi, na mapumziko katikati, siku 3 kwa wiki. Mifupa ya wanaobalehe bado inakua. Kijana anayeumwa na mgongo chini kwa zaidi ya wiki mbili, hasa anapojipinda nyuma, huenda ana ufa kwenye pingili ya uti wa mgongo uliotokana na kurudiarudia mzunguko ule ule. Huyo apumzike na apimwe. Kumwambia ajikaze ni kumharibu. Ufa wa namna hii huchukua miezi kadhaa kupona, na yule anayeendelea kucheza juu yake huurefusha.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, haimhusu mpigaji. Ni ya mdogo wake aliyekuja kutazama na kusimama nyuma yake. Chora duara mchangani, kutoka anaposimama mpigaji hadi ukingoni iwe mita 4, na asiingie mtu gongo likiwa mkononi. Aliyegongwa kichwani akitapika, akizidi kusinzia, kichwa kikimuuma zaidi, au akiongea maneno yasiyoeleweka, mkimbize hospitali hapo hapo hata kama alisimama mwenyewe na kucheka. Anayepiga mpira unaorushwa avae kofia ngumu, na anayevaa hijabu achague ile isiyofungwa kwa pini.

Joto letu halichezewi. Mazoezi yawe asubuhi mapema au baada ya alasiri, na maji yawe karibu. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga aweke gongo chini mchana na apige baada ya futari chakula kikishatulia tumboni, palipo na taa za kutosha. Pasipo na taa, lile zoezi la kwanza la mti wa ufagio hufanyika hata barazani.