Mnyama kwa Swali Lake: Utangulizi wa Utafiti wa Aneurisimu

Karibu katika taaluma ambayo mgonjwa wake, mara nyingi, hajui kwamba anaumwa. Aneurisimu ni sehemu ya mshipa wa damu ambayo ukuta wake umedhoofika ukatanuka. Kwenye aota ya tumboni, yaani sehemu ya mshipa mkuu wa damu, madaktari huanza kuiita hivyo kipenyo kinapofika sentimita 3. Kwa wanaume, upasuaji hupendekezwa kikifikia 5.5. Katikati hapo mgonjwa hupimwa na kusubiri, pengine kwa miaka, kwa kuwa hakuna dawa iliyothibitika kuuzuia mshipa usizidi kutanuka. Ukipasuka, wengi hufariki kabla ya kufika hospitali.

Dawa hiyo ndiyo tunayoitafuta, na ndiyo sababu ya kuwahitaji wanyama. Kipande cha aota kinachotoka chumba cha upasuaji kinaonyesha ugonjwa uliokwisha komaa. Mwanzo wake hatukuuona.

Mwaka 1990, Anidjar na wenzake huko Ufaransa walieleza njia ya kuuanzisha ndani ya panya. Mpasuaji hufunga sehemu fupi ya aota juu na chini, hupenyeza mrija mwembamba, kisha husukuma ndani elastasi, kimeng'enya kinachovunja elastini, ile protini inayoufanya mshipa uvutike na kurudi. Damu ikifunguliwa tena, ukuta ule hauhimili kama zamani; baada ya siku chache aota imevimba.

Mwaka 2000, Daugherty na wenzake nchini Marekani walitumia panya wadogo wasio na apolipoprotini E, protini inayobeba mafuta kwenye damu. Pampu ndogo chini ya ngozi iliwapa angiotensini II, homoni inayopandisha shinikizo la damu, kwa siku 28. Njia hii imeenea kwa kuwa haihitaji kufungua tumbo. Lakini uvimbe wa panya hao hutokea juu ya mishipa ya figo, na wa binadamu kwa kawaida huwa chini yake. Kwangu hiyo si tofauti ndogo.

Hapa ndipo kisa cha doksisaiklini kinapotufaa. Katika panya, antibayotiki hiyo ilizuia vimeng'enya vinavyokula ukuta wa mshipa, na uvimbe ukapungua. Matumaini yakawa makubwa. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa wagonjwa wenye aneurisimu ndogo miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa miaka miwili. Kasi ya kutanuka haikupungua. Nadhani sehemu ya jibu iko kwenye kalenda: panya wengi walianza dawa wakati mshipa unaharibiwa, au hata kabla, ilhali mgonjwa huja kliniki uharibifu ukiwa wa miaka mingi. Panya hawakutudanganya. Waliulizwa kama dawa inakinga, sisi tukasikia kwamba inatibu.

Kwa aneurisimu za ubongo swali mara nyingi ni la vipimo, na sungura hufaa: elastasi kwenye ateri ya shingo yake huacha kifuko kinachokaribiana kwa ukubwa na cha binadamu, hivyo koili za kukiziba zinaweza kujaribiwa. Nguruwe pia hutumika, ila vifuko vinavyoshonwa kwenye mishipa yake huelekea kujiziba vyenyewe, na kifaa kinachojaribiwa kikapata sifa isiyo yake.

Kuhusu lile tatizo la kalenda, siku hizi baadhi ya maabara husubiri altrasaundi ithibitishe uvimbe ndipo zitoe dozi ya kwanza. Zinapaswa pia kuongeza majike: majaribio mengi hutumia madume, ilhali aneurisimu za wanawake hupasuka zikiwa na kipenyo kidogo zaidi.