Uji wa karanga kwa mtoto

Akina mama wengi hufika zahanati wakisema, "Daktari, mtoto anakunywa uji kila asubuhi, mbona hakui?" Nikiuliza ni uji gani, jibu ni unga wa mahindi na maji, basi. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa maji, chakula kitakaa wapi?

Hata nyumba isiyo na ng'ombe inaweza kupata uji mzuri kwa karanga. Chagua karanga nzima, zikaange kidogo, pepeta maganda, kisha twanga mpaka zitoe mafuta na kulainika kabisa. Pika uji mzito wa ulezi, mtama au mahindi. Ukiiva, koroga vijiko viwili vya karanga katika maji ya moto kidogo, mimina sufuriani, uchemke tena dakika chache. Utakuwa laini kama uliotiwa maziwa.

Lakini angalieni ukungu. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizo chungu huenda zina sumu kuvu, na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Najua wengine huuza karanga nzuri mnadani, zile mbovu zikabaki za watoto. Hapo tunakosea hesabu.

Mtoto aanze uji akitimiza miezi 6, huku akiendelea kunyonya. Karanga aanzie kijiko kidogo. Akitoka vipele au akivimba midomo, acha mara moja, umlete zahanati.