Hita inapuliza baridi: kweli gesi imeganda?

Januari, saa 3 usiku, ukingoni mwa Ziwa Winnipeg katika jimbo la Manitoba, Kanada. Nje ni nyuzi 31 chini ya sifuri. Mimi na mwenzangu wa maabara tumo ndani ya karavani, yaani lile trela lenye vitanda, jiko na sinki ambalo unalivuta kwa gari. Kwa siku 4 tulikuwa tunapima unene wa barafu ya ziwa, na kwenda mjini na kurudi kila siku kungetumalizia muda. Ghafla hita ikaanza vituko: feni inazunguka, inapuliza, lakini kinachotoka ni hewa baridi kama ya friji.

"Kaka, gesi imeganda," akasema mwenzangu, mtu wa Eldoret ambaye huwa anajisifu kwamba baridi haimtishi.

Nikakubali. Kwa baridi ile, kitu gani kisingeganda?

Tulikosea. Na kosa lile ndilo nataka tulichambue leo, kwa sababu mbili. Kwanza, fizikia yake ni ileile inayofanya mtungi wa gesi jikoni kwako uwe wa baridi ukipikia maharage muda mrefu. Pili, usiku ule kulikuwa na njia moja rahisi sana ya kupata joto, na njia hiyo ingeweza kutuua.

Ndani ya mtungi kuna nini hasa?

Tuanze na neno "kuganda". Propani, gesi inayotumika kwenye karavani za nchi za baridi, huganda kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri. Hakuna mahali duniani panapofikia baridi hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema gesi imeganda, ujue kuna kitu kingine.

Namba ya kukumbuka ni nyingine: nyuzi 42 chini ya sifuri. Hapo ndipo propani huchemka. Mtungi una kimiminika chini na mvuke juu, na hita inatumia ule mvuke. Kila mvuke ukitoka, kimiminika kinachemka kidogo kufidia. Ndiyo, kinachemka, hata kama nje kuna theluji, kwa sababu kwa propani nyuzi 31 chini ya sifuri bado ni "joto".

Tatizo ni kwamba kadiri baridi inavyozidi ndivyo presha ya mvuke inavyopungua. Kwenye nyuzi 20 za kawaida, presha ndani ya mtungi wa propani inazidi ya hewa ya nje kwa baa 7 hivi. Kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri inazidi kwa chini ya baa moja. Kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri inakaribia kuisha kabisa: gesi imo, unaisikia ikicheza ukitikisa mtungi, ila haina nguvu ya kutoka.

Sasa, regyuleta ya karavani inahitaji kupeleka kwenye hita presha ndogo sana, kama milibaa 28 tu. Kwa hiyo hata kwenye nyuzi 31 chini ya sifuri, kimahesabu, gesi yetu ilikuwa inatosha. Ila tulikuwa tunatembea ukingoni: zilibaki nyuzi 11 tu kufika mwisho. Hilo liweke akilini, litarudi alfajiri.

Kwa mtungi wa nyumbani Dar es Salaam au Nairobi hali ni tofauti. Ule huwa na mchanganyiko wa propani na butani, na butani huchemka karibu kabisa na nyuzi sifuri. Kwetu hakuna shida, joto lipo la kumwaga. Ukiupeleka mtungi huo Manitoba mwezi wa kwanza, butani yake itakaa chini imetulia kama maji kwenye ndoo.

Hita haiwaki mpaka ijibiwe maswali

Turudi usiku ule. Nilikuwa tayari nimevaa buti nitoke nikashughulike na mitungi, mwenzangu akasema, "Subiri. Umesikia tik-tik?"

Sikuwa nimesikia. Na hapo ndipo tulipoanza kutumia akili.

Hita ya karavani haiwashi moto ovyo. Ina hatua, na kila hatua ni swali ambalo lazima lijibiwe "ndiyo" kabla ya kwenda mbele:

1. Themostati: chumba kina baridi kuliko ulivyoagiza? Kama ndiyo, feni inaanza.
2. Swichi ya upepo: feni inasukuma hewa ya kutosha? Hii ni kibati kidogo kinachosukumwa na upepo wa feni. Kisiposukumwa hadi mwisho, mambo yanaishia hapo.
3. Swichi ya joto kali: hita haijapata moto kupita kiasi?
4. Valvu ya gesi inafunguka na cheche zinaanza: tik-tik-tik.
5. Kihisi cha moto: moto umewaka kweli? Kama haujawaka, valvu inafungwa. Hita nyingi hujaribu mara 3, kisha zinajifunga zenyewe.

Umeona? Feni yetu ilikuwa inazunguka lakini hakuna tik-tik. Maana yake hita haikuwa imefika hata hatua ya 4. Ilikuwa bado haijaomba gesi! Sisi tunailaumu gesi ambayo hakuna aliyeiita.

Tukafanya jaribio la pili. Tukafungua dirisha kidogo, tukawasha plate moja ya jiko kwa nusu dakika. Jiko na hita vinatumia mitungi ileile na regyuleta ileile. Moto ukawaka wa bluu, umesimama vizuri. Tukazima. Gesi haina kesi.

Akabaki mtuhumiwa mmoja: betri. Feni ya hita ya ukubwa ule hula ampia 7 au 8, na betri za kawaida za risasi na asidi zinachukia baridi. Umeme wake unatokana na kemia, na kemia kwenye baridi inakwenda polepole. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri ya aina hiyo inaweza kukupa karibu nusu tu ya uwezo wake. Nikaweka mita: feni ikiwa imezimwa, volti 12.1. Feni ikiwashwa, 10.3. Feni ilikuwa inazunguka, ndiyo, lakini kichovu. Upepo wake haukutosha kusukuma kile kibati.

Tukasogeza gari, tukaunga betri ya karavani na ya gari kwa nyaya za kubusti, injini ikinguruma. Sauti ya feni ikapanda. Baada ya sekunde 15 hivi: tik-tik-tik, kisha "vuuu". Sijawahi kuufurahia moto namna ile.

Ila kuna tahadhari hapa. Betri iliyojaa haigandi kirahisi, lakini iliyoisha inaweza kuganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ukikuta betri imevimba au imeganda, usiiunge na kitu chochote. Yetu ilikuwa na chaji ya kutosha kutoganda. Na injini ikinguruma, hakikisha moshi wa gari hauelekei kwenye madirisha yako.

"Si mwashe jiko tu, mwanangu?"

Kabla ya moto kuwaka nilikuwa nimempigia mama. Kwao Njombe ilikuwa saa 12 asubuhi. Nikamweleza hali, naye akatoa jibu ambalo kila mama wa nyanda za juu angelitoa: "Jiko la gesi si lipo hapo? Washeni, mjipashe, mlale."

Namwelewa. Nimekulia kwenye baridi ya Juni na Julai, na kila mtu kwetu anajua jiko la mkaa linavyoingizwa ndani usiku. Wengi wetu pia tunajua nyumba ambayo asubuhi hakuna aliyeamka.

Tofauti ya hita na jiko si ukubwa wa moto. Ni wapi unachukua hewa na wapi unatupa moshi. Moto wa hita ya karavani umefungiwa kwenye kasha la chuma. Unavuta hewa ya nje na kutoa moshi nje, na chumba kinapata joto la kasha tu. Jiko linawaka ndani ya hewa unayoivuta wewe. Karavani ni chumba kidogo, na kwa baridi ile umeziba kila upenyo. Oksijeni inapungua, moto unaanza kuungua vibaya, na kaboni monoksaidi inaongezeka. Haina rangi, haina harufu, na hemoglobini ya damu yako inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoshika oksijeni. Unapata kichwa kuuma, unasinzia, unadhani ni uchovu wa siku. Ndiyo mwisho.

Mkaa ni mbaya zaidi, maana hutoa gesi hiyo tangu mwanzo. Lakini jiko la gesi ukilala nalo si salama. Na hata lisipokuua, linakulowesha: kila kilo ya propani ikiungua hutoa kama kilo 1.6 za maji, na maji hayo yataganda kwenye kuta na madirisha yako.

Nikamwambia, "Hapana mama, hilo halilaliwi nalo." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, basi laleni na makoti." Huo ulikuwa ushauri mzuri kuliko wa kwanza. Kama hita ingekataa kabisa, mpango wetu ulikuwa kuondoka kwenda mjini kabla hatujachoka. Siyo kulala na moto.

Alfajiri: safari hii ni gesi kweli

Saa 11 alfajiri nikaamshwa na sauti niliyokuwa nimeisubiri jana yake: tik-tik-tik. Kimya. Tik-tik-tik. Kimya. Feni ilikuwa na nguvu, betri ilikuwa nzima, cheche zilikuwapo, ila moto haukuwaka. Tukajaribu jiko: moto ukawa mdogo, umelegea kama mshumaa kwenye upepo. Ugonjwa ni uleule, hewa baridi, lakini chanzo kimehamia upande wa pili.

Kilichotokea ni hiki. Kimiminika kikigeuka mvuke kinahitaji joto, na joto hilo kinalichukua kwenye kimiminika kinachobaki na kwenye chuma cha mtungi. Ndiyo maana mtungi wa muuza chipsi hutoka jasho. Hita yetu ya kilowati kama 9 ikiwaka bila kupumzika hula gramu 630 hivi za propani kwa saa. Kuigeuza propani hiyo kuwa mvuke kunahitaji joto la wati kama 70, sawa na balbu moja ya kizamani. Unaweza kusema ni kidogo, lakini joto hilo lazima liingie kutoka hewa ya nje, kupitia ukuta wa mtungi, mahali pale tu ambapo kimiminika kinagusa chuma. Mtungi ukikaribia kuisha, sehemu hiyo ni ndogo. Joto linaingia kidogo, linatoka jingi, na kimiminika kinapoa kuliko hata hewa ya nje. Zile nyuzi 11 zetu za akiba zikaliwa usiku kucha.

Mwenzangu akachukua blanketi akaufunike mtungi. Nikamzuia, na hapa watu wengi hushangaa. Blanketi halitengenezi joto, linazuia tu joto kupita. Mwili wako una joto kuliko hewa, kwa hiyo blanketi linakusaidia. Mtungi unaotumika una baridi kuliko hewa, kwa hiyo blanketi linauzuia kupata hata kile kidogo kilichopo nje. Bora uupanguse theluji, uache hewa iuguse.

Dawa yetu ilikuwa rahisi: tulikuwa na mtungi wa pili, umejaa. Tukaufungua polepole. Polepole kwa sababu viunganishi vingi vya mitungi ya huko vina kizuizi cha usalama: ukifungua kwa pupa kinadhani bomba limepasuka, kinabana gesi. Ikikutokea, funga, subiri kidogo, fungua taratibu. Dakika 2 baadaye hita ikawaka.

Ukikwama, fuata mpangilio huu

Sikiliza kwanza. Feni haizungushi kabisa: angalia fyuzi, themostati na betri. Feni inazunguka lakini hakuna tik-tik: pima betri feni ikiwa inafanya kazi, halafu angalia kama matundu ya hewa yamezibwa na nguo au mabegi. Tik-tik ipo lakini moto hakuna: jaribu jiko kwa sekunde chache, moto ukiwa dhaifu, shughulika na mtungi na regyuleta. Jiko likiwa zima na hita bado inakataa, angalia kama theluji imeziba tundu la moshi upande wa nje, kisha mwachie fundi.

Usipashe mtungi kwa moto, hata wa mshumaa. Usiulaze ili "gesi ya mwisho itoke", hata kama nyumbani umeona watu wanafanya. Kimiminika kikiingia kwenye regyuleta, moto unaweza kuruka ghafla. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi na utoke nje. Propani ni nzito kuliko hewa, hutuama chini sakafuni. Na king'ora cha kaboni monoksaidi kiwe na betri mpya kabla hujaondoka nyumbani.

Saa 2 asubuhi nilimpigia mama tena. Swali lake la kwanza halikuwa kuhusu barafu wala utafiti. "Hamkuwasha jiko?" Hatukuwasha, mama.