Kufundisha Kutafuta Hitilafu: Mfano wa Kidhibiti Mwendo cha Gari la Zamani

Mtoto aonapo tochi haiwaki, aghalabu hukimbilia kubadili balbu. Isipowaka, hubadili betri. Kisha huitikisa, na mwisho huiweka kando. Huko ni kubahatisha, wala si kutafuta hitilafu. Mwalimu wa sayansi hana budi kumwonyesha mtoto jinsi ya kuiuliza mashine swali moja baada ya jingine. Mfano nilioutumia na wanachuo wangu ni kidhibiti mwendo cha gari la zamani. Nimeuchagua kwa sababu wengi wao hawakupata kukiona kifaa hicho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kujibu kwa mazoea.

Kidhibiti mwendo hushikilia mwendo aliouchagua dereva bila yeye kuendelea kukanyaga mafuta. Mvumbuzi wake ni Ralph Teetor wa Marekani, mhandisi aliyekuwa kipofu tangu utotoni. Alipewa hati ya uvumbuzi mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ilianza kukitia katika baadhi ya magari yake.

Magari mengi ya miaka ya 1970 na 1980 yalitumia ombwe kwa kazi hii. Injini ivutapo hewa, ombwe hutokea katika njia ya kuingizia hewa. Mpira mwembamba hulifikisha ombwe hilo kwenye kopo lenye kiwambo. Kiwambo kikivutwa, nacho huvuta kebo inayofungua mlango wa hewa ya injini, na gari huongeza nguvu. Kisanduku cha umeme hupokea habari za mwendo na kuamua ombwe liingie kiasi gani. Penye pedali ya breki pana vitu viwili: swichi ya kukata umeme, na kilango cha kuingiza hewa ili ombwe life papo hapo. Viwili hivyo viliwekwa ili kimoja kikishindwa, kingine kiokoe.

Swali la kwanza, basi, si "kipi kimeharibika?" bali "kinakosea namna gani?" Kifaa kisichoshika mwendo kabisa ni usumbufu tu. Kifaa kisichoachia breki inapokanyagwa ni hatari ya kuua. Kisitumike tena hata mara moja kabla fundi hajakikagua. Jambo hili lisemwe kabla mwanachuo yeyote hajagusa kitu. Nami niliwahi kulichelewesha hadi katikati ya somo, na sikufanya vema.

Gari letu lilikuwa halishiki mwendo kabisa. Takriban darasa zima lilitaka kufungua kisanduku cha umeme, nadhani kwa kuwa ndicho kisichoeleweka. Niliwazuia. Tulianza na fyuzi, ikawa nzima. Kisha mmoja alikanyaga breki, mwingine akatazama nyuma. Taa za breki zikiwaka wakati wote, swichi imekwama, na kifaa hudhani breki imekanyagwa. Zisipowaka kabisa, napo pana habari: katika baadhi ya magari, njia ya umeme ya kisanduku hupitia katika balbu hizo, hivyo balbu zilizoungua huweza kukizuia kifaa chote. Jaribio hili halina gharama, nalo hujibu zaidi ya swali moja. Taa zetu ziliwaka na kuzimika kama ipasavyo. Mshale wa kipimamwendo nao ulikuwa ukifanya kazi gari liendapo.

Likabaki ombwe. Injini ikiwa imezimwa, tuliuchomoa mpira kwenye kopo, ambalo lilikuwa na tundu moja. Mwanachuo alikibonyeza kiwambo hadi mwisho, akaziba tundu kwa kidole, akakiachia. Hakikurudi. Kwa kidole kimoja tulikuwa tumekitenga kiwambo na yote yaliyokitangulia: kopo ni zima, hitilafu iko upande wa pili. Tukaufuata mpira kwa mkono, inchi kwa inchi, na penye kona iliyo karibu na injini tukakuta ufa. Mpira wa zamani hukauka kwa joto. Kisanduku hakikufunguliwa.

Katika shule ya msingi hamtahitaji gari. Chukueni tochi, mtie kipande cha karatasi kati ya betri mbili pasipo watoto kuona, kisha mlipe kila kundi la watoto wanne tochi moja. Ubaoni chora safu tatu: swali, jaribio, jibu. Mtoto asiguse sehemu yoyote kabla hajaandika swali lake katika safu ya kwanza. Wapo watakaobadili balbu hata hivyo. Usiwakemee, warudishie balbu ya kwanza, uwape tochi nyingine inayowaka, na uwaulize wataitumiaje kujua kama balbu ile ni nzima.