Nani Atasonga Ugali wa Kambi?

Kumbukumbu za riadha zinamtambua Lornah Kiplagat kwa saa 1, dakika 6 na sekunde 25. Huo ndio muda aliotumia kukimbia nusu marathoni mjini Udine, Italia, Oktoba 2007, ukawa rekodi ya dunia hadi Mary Keitany alipoivunja mwaka 2011. Nilikuwa nauchunguza muda huo kwa ajili ya makala nyingine kabisa nilipokutana na maelezo yake kuhusu kilichomfanya ajenge kambi Iten, Kenya. Ile makala nyingine nikaiweka kando. Maelezo yenyewe yanahusu sufuria, na hadi leo hayajanitoka kichwani.

Lornah amelieleza jambo hili hadharani mara nyingi, wala halipambi. Alipokuwa anaanza, msichana aliyetaka kujinoa pamoja na wakimbiaji wa kiwango cha juu hakuwa na njia ila kuingia katika kambi za wanaume. Kukimbia nao aliruhusiwa. Wakirudi, wao walikwenda kujilaza na yeye akaenda jikoni. Kupika, kufua, kufagia na kuosha vyombo zilikuwa kazi zake, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa hata nyumbani walikotoka.

Asiyeijua ratiba ya kambini anaweza kudhani hayo ni manung'uniko madogo. Hebu tuifuate. Kundi hutoka kwenye saa kumi na mbili asubuhi, barabara za udongo mwekundu zikiwa bado na umande. Jumanne ni siku ya uwanjani. Alhamisi ni fatleki, dakika za kufyatuka na dakika za kupoza kwa zamu, kundi zima likipanda na kushuka vilima. Mwisho wa juma ni mbio ndefu. Kwenye saa nne wengi hutoka tena, na jioni, jua likianza kupoa, wapo wanaotoka mara ya tatu. Yote hayo yanafanyika mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mwili unalazimika kuongeza chembe nyekundu za damu ili upate oksijeni ya kutosha.

Katikati ya mizunguko hiyo mkimbiaji hafanyi lolote. Anakunywa chai ya maziwa, anakula, analala, anaamka, anakaa kwenye nyasi. Mgeni akiwaona anaweza kuwaita wavivu, kumbe hapo ndipo kazi inapokamilika: misuli iliyochanika asubuhi inajiunga mchana, na damu inajitengeneza mtu akiwa usingizini. Kocha yeyote wa masafa marefu atakwambia kwamba mazoezi bila mapumziko ni kujibomoa.

Sasa mwingize msichana katika ratiba hiyo. Amerudi na wenzake saa moja na nusu, jasho halijamkauka. Tuseme kambi ina wanaume kumi. Chai yao inataka kuchemshwa, na baadaye vikombe vyao vinataka kuoshwa. Maji yanataka kuchotwa. Suti za mazoezi zilizoshika udongo wa Iten hazitakati kwa kusuuzwa. Ni za kufikichwa kwa mkono, hasa pindo za suruali na soksi, na maji ya beseni yabadilishwe mara kadhaa ndipo yaache kuwa mekundu. Adhuhuri sukuma wiki iko mezani inasubiri kisu. Halafu ugali. Ugali wa watu kumi si wa kukorogwa kwa mkono mmoja: sufuria inashikwa imara isizunguke, mwiko unazamishwa hadi chini na kugeuzwa kwa nguvu za mabega na mgongo, moshi ukiwa machoni. Mgongo huo ndio utakaodaiwa kasi saa kumi jioni.

Saa kumi ikifika wanaume wanatoka wameshalala usingizi wao. Msichana anatoka nao kwa miguu ambayo haijaketi tangu alfajiri. Akiachwa nyuma, watu husema wasichana hawana pumzi. Ni wangapi walioachwa nyuma namna hiyo, wakarudi kijijini wakiamini kwamba kweli hawakuwa na kipaji? Hakuna daftari lililowaandika.

Lornah, mzaliwa wa Kabiemit mwaka 1974, hakurudi kijijini. Alishinda marathoni ya Los Angeles mwaka 1997, akashinda tena 1998, kisha Amsterdam mwaka 1999. Mwaka huo huo wa 1999, akiwa na umri wa miaka 25, alichukua fedha za ushindi na kuanzisha Iten kituo cha mazoezi ya nyanda za juu, kinachojulikana kwa jina la High Altitude Training Centre. Nia yake aliitaja bila kuzunguka: alitaka mahali ambapo msichana atakimbia, atakula na kulala, na kazi za jikoni zitakuwa za mtu aliyeajiriwa kuzifanya.

Wanariadha wetu wengi walioingia katika biashara walisubiri miguu ichoke kwanza. Mtu anashinda, ananunua shamba, anajenga nyumba za kupangisha Eldoret, akistaafu anahesabu kodi. Hakuna ubaya, ni jasho lake. Lornah alianza kabla hajafika kileleni. Marathoni yake ya kasi zaidi, saa 2:22:22 ya Osaka, ilikuja mwaka 2003. Mataji matatu mfululizo ya dunia ya mbio za barabarani, Debrecen 2006, Udine 2007 na Rio de Janeiro 2008, aliyatwaa tayari akiwa na kituo chenye vitanda, jiko, wageni na watu wanaosubiri mshahara mwisho wa mwezi. Tumezoea kuyasimulia maisha ya mwanamichezo kwa sura mbili, michezo kisha biashara. Kwake sura hizo ziliandikwa kwa wakati mmoja, na mimi nashuku kwamba moja iliilisha nyingine. Aliyejenga mahali pa kupumzikia, naye alipata pa kupumzikia.

Kwa upande wa hesabu, alichokiona ni hiki. Wakimbiaji wa Ulaya walikuwa tayari wanaijua Iten. Walitaka hewa yake nyepesi, hasa miezi ya baridi kali kwao, wanapojiandaa kwa mbio za masika. Ila mji ulikuwa mdogo, na mgeni anayekuja kwa wiki kadhaa anataka kitanda safi, maji ya moto, chakula kisichomwangusha tumbo, mtu wa kumkanda misuli na chumba cha vyuma. Lornah alikuwa amekulia upande mmoja na kuishi upande wa pili. Mumewe, Pieter Langerhorst, ni Mholanzi, na yeye mwenyewe alichukua uraia wa Uholanzi mwaka 2003. Alijua mgeni atalalamikia nini kabla hajalalamika. Kituo kikawa na ukumbi wa mazoezi na bwawa la kuogelea, mgeni akalipa, na fedha ya mgeni ikasaidia kubeba gharama za wasichana wa nyumbani ambao hawakuwa na cha kulipa.

Baadaye alijenga karibu na Iten uwanja wake mwenyewe wa tartani. Uwanja wa umma wa Kamariny, ule wa udongo uliokuza mabingwa kwa miongo, ulifungwa ili ukarabatiwe, na ukarabati ukakwama kwa miaka. Mwanamke mmoja akawa na kile ambacho serikali ilikuwa bado inakiahidi. Sisemi hivyo kwa kumsifu tu. Uwanja wa mtu binafsi una lango, na lango lina masharti; kijana asiye na meneja anapaswa kuwa na Kamariny yake.

Biashara hii nayo ina maswali yake, na sitaki kuyafunika kwa sababu nampenda mwenyewe. Kazi za jikoni hazikutoweka Iten, zilipata mshahara. Hayo ni mabadiliko makubwa, maana anayelipwa kusonga ugali hatakiwi kukimbia kilomita ishirini kabla ya kuusonga. Lakini nje ya lango la Lornah zipo kambi nyingine nyingi, nyingine za vyumba vitatu vya mabati zinazoendeshwa kwa mchango wa wakimbiaji wenyewe. Wasichana wa huko wanaishi kwa zamu gani za jikoni? Je, zamu hizo zinawahusu wanaume pia, au zamu ni neno la kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani?

Swali jingine ni gumu zaidi. Lornah alikuwa na mume aliyeshirikiana naye kujenga. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mwenye umri wa miaka 25, aliuawa nyumbani kwake hapo hapo Iten, wiki chache baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee kule Ujerumani. Mumewe alishtakiwa kwa mauaji hayo. Wenzake, wakiwamo Joan Chelimo na Viola Cheptoo, wakaunda Tirop's Angels ili msichana aliye hatarini apate pa kukimbilia. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda alifariki katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia. Habari zilizotolewa wakati huo zilitaja mzozo wa kipande cha ardhi. Alikuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris mwezi uliotangulia.

Lornah alipokuwa na miaka 25 alianzisha kituo. Agnes alipokuwa na miaka 25 aliuawa. Nimeziweka sentensi hizo mbili pamoja kwa makusudi, kwa kuwa mara nyingi tunawaambia wasichana wawekeze, wanunue ploti, wafungue biashara, kana kwamba hatari pekee ni kufilisika. Msichana wa mbio anayeanza kushinda anazungukwa haraka. Kuna anayejiita kocha, anayejiita meneja, anayejiita mchumba, na wakati mwingine ni mtu mmoja mwenye majina yote matatu. Yeye yuko kambini au ndegeni. Mwingine ndiye anayekwenda benki, anayekutana na wakili, anayesimamia fundi. Ploti inanunuliwa kwa fedha zake, na siku anapoitaka hatimiliki ndipo anapogundua jina lililoandikwa.

Kenya ina Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013. Sheria hiyo, inapopima mchango wa mtu katika mali ya familia, inahesabu pia kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia nyumba. Kwa maneno mengine Bunge lilikubali kwamba kusonga ugali ni kuchangia utajiri. Mahakamani hoja hiyo ina uzito. Kambini haikuwahi kuwa na uzito wowote: aliyepikia mabingwa wa kesho hakuandikiwa hata asilimia ya bonasi zao.

Ndiyo maana naona kwamba ujasiriamali wa Lornah haukuanzia kwenye vitanda vya wageni. Ulianza pale alipotazama saa za mchana za msichana, zile zilizokuwa zikitolewa bure kila siku, akaamua kwamba zina bei. Wengine walikuwa wamezitazama saa hizo hizo kwa miaka na kuziona kuwa desturi.

Wakimbiaji wa Iten leo wengi wako chini ya mameneja wa kigeni na kampuni za viatu, na kambi kadhaa zinaendeshwa kwa udhamini wao. Mikataba inataja viatu, nembo kifuani, mbio za kushiriki, bonasi na asilimia ya meneja. Kabla ya msimu ujao ningependa wenye kambi, mmoja baada ya mwingine, waulizwe mambo mawili na wayajibu hadharani. Mkimbiaji wa kike anapata saa ngapi za kulala mchana? Na fedha yake ya kwanza ya ushindi ikiingia, inaingia katika akaunti ya nani?