Joto Linalozaliwa Ndani ya Nyaya za Gari la Umeme

Katika gari la umeme, nishati inayotoka kwenye betri haifiki yote kwenye mota, kwa kuwa waya wa shaba, ingawa ni kipitishi bora, una ukinzani, yaani hali ya kuuzuia mkondo usipite kwa wepesi, na nishati inayopotea hapo hugeuka joto. Mwanasayansi Mwingereza James Prescott Joule alionyesha mwaka 1841 kwamba joto hilo hufuata mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara 4. Waya wenye mkato wa milimita za mraba 95 ukipitisha ampea 200 hupoteza takriban wati 7 katika kila mita. Ukipitisha ampea 400 hupoteza takriban 29.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ni ya shaba yenye nyuzijoto 20 tu. Shaba ikipata moto, ukinzani wake hupanda na joto nalo huzidi, hata ikifika nyuzijoto 90 zile wati 29 zimekuwa karibu 37. Ndiyo maana wahandisi hutumia modeli, yaani mfano wa kihesabu katika kompyuta, inayokokotoa umeme na joto kwa pamoja, tena na tena, mpaka joto linalozalishwa lilingane na linalotoka kupitia ganda la plastiki kwenda hewani. Modeli inayopuuza kupanda huko kwa ukinzani ni ya hatari, kwa sababu humfanya mhandisi achague waya mwembamba ambao ganda lake litaungua. Tiba bora ya upotevu wa nishati katika nyaya ni kupandisha volti: gari la volti 800 huhitaji nusu ya mkondo wa gari la volti 400 kwa nguvu ileile, na kwa waya uleule upotevu hushuka hadi robo.